Ndezi Sitini na Mmoja wa Mto Nyeche

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mto!

Na ukingoni?

Ukingoni matete!

Na ndani ya matete?

Mmenyamaza. Vizuri. Hata watu wa ngano hii wenyewe hawakujua ndani ya matete mna nini, kwa hiyo mmejibu sawasawa. Sogeeni hapa. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako. Na msinitake nirudie hesabu, maana ngano hii ina hesabu nyingi, na kila nikiisimulia kichwa kinaniuma.

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo ukimsalimu chura anaitikia na kukuuliza hali ya nyumbani, palikuwa na mto uitwao Nyeche. Ulikuwa mto mdogo, lakini haukukauka. Ukingoni yaliota matete marefu, mazito, mtu akiingia humo humwoni tena. Nyuma ya matete palikuwa na mashamba ya mahindi ya watu wa kijiji.

Ndani ya matete aliishi Ndezi. Ndezi mnamjua? Ni wa ukoo wa panya, lakini panya wa darini kwako akimwona atamwamkia shikamoo. Mnene, manyoya magumu, meno ya mbele kama patasi. Chakula chake ni matete. Hukata bua kwa mshazari, chap! Hula sehemu laini, hukata jingine, chap! Jioni moja mabua matano, ameshiba, anakwenda kulala.

Ndezi huyu alikuwa jike, na alikuwa peke yake. Mafuriko ya masika yalimchukua mama yake, na dada zake, na shangazi zake wote. Yeye alishikilia shina la mti kwa meno mpaka maji yakapungua. Tangu hapo masika matatu yalipita. Kila jioni akitoka kula, kwanza hupiga mluzi, fiii! Kisha husikiliza. Hakuitikiwa hata siku moja. Ndipo hukata mabua yake matano, akala, akaingia ndani. Upweke ulimuuma sana, jamani. Ilifika hatua akawa rafiki wa Chura, na mnajua Chura akianza kuzungumza hana kituo.

Basi watu wa Nyeche na wanyama wa Nyeche walikuwa wamekubaliana. Ndezi wakiwa wachache, wale matete, hawana neno na mtu. Lakini wakipita ishirini, matete hayatawatosha na watahamia kwenye mahindi. Kwa hiyo wakipita ishirini, matete yatachomwa moto. Yote, mpaka majini.

Ndiyo sababu kila mwaka, mahindi yakianza kubeba, aliwekwa mtu wa kuangalia mto. Aangalie kuku maji wangapi, fisi maji wangapi, na hasa hasa, ndezi wangapi. Mwaka huo aliwekwa mama mmoja anaitwa Namkunda. Namkunda alikuwa na macho makali, angeweza kumwona kupe kwenye ng'ombe wa ng'ambo. Na hakuwa mwongo. Hilo lishikeni vizuri. Katika ngano hii yote Namkunda hakusema uongo hata mara moja, na ndicho kinachonichanganya mimi mpaka leo.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana mambo yaliharibikia hapo. Watu wa Nyeche hawakuketi kwenye udongo mtupu ukingoni mwa mto. Ukiketi kwenye udongo ni sawa na kuuambia mto, "Wewe umeshakauka." Hayo ni matusi makubwa. Kwa hiyo mtu akifika mtoni hutoa mundu, hukata mabua kumi mabichi, huyapanga, huketi juu yake. Akiondoka huyatupa majini, mto uondoke na kiti chake. Kesho hukata mengine.

Walifanya hivyo tangu utoto, na baba zao walifanya hivyo, mpaka mkono ulikuwa unakata wenyewe huku mtu akiwaza mambo ya nyumbani. Ungemuuliza mmoja wao, "Leo umekata matete?" angekujibu, "Mimi? Sijakata hata moja." Na angekula kiapo.

Aliyekuwa akiyaona hayo yote alikuwa Kenge. Kenge alilala juu ya jiwe bapa katikati ya mto, tumbo juani, jicho moja limefumbwa, jingine wazi. Kenge alikuwa na hamu yake. Alitaka matete yachomwe. Alijua kwamba moto ukishika, vyura na vifaranga vya kuku maji watakimbilia upande usio na moto. Na yeye atakaa upande huohuo, mdomo wazi. Hatatafuta chakula, chakula kitamfuata.

Jioni ya kwanza Namkunda akashuka mtoni peke yake. Mkono ukakata mabua kumi, chap, chap, chap. Akaketi. Akatulia, hata nzi alipotua puani hakumfukuza. Jua lilipoinama Ndezi akatoka. Fiii! Akasikiliza. Akakata mabua matano, akala, akaingia ndani. Namkunda akainuka, akatupa kiti chake majini, akaenda zake.

Alfajiri akarudi kuhesabu vishina vipya vilivyokatwa. Kila alichokihesabu alikipaka tope, asije akakihesabu mara mbili. Vilikuwa kumi na vitano. Akaenda barazani.

Mkuu wa maji wa kijiji alikuwa bwana mmoja anaitwa Kiure. Kiure alipenda baraza kuliko alivyopenda ugali. Akauliza, "Dada Namkunda, umeona nini?"

"Nimeona ndezi mmoja."

"Na vishina?"

"Kumi na vitano, mkuu."

Kiure akakuna kichwa. Kenge, aliyekuja kujilaza mlangoni, akakohoa kidogo.

"Wakubwa, naomba kusema. Mimi naishi mtoni. Ndezi mmoja hula mabua matano kwa jioni moja. Hilo hata watoto wanalijua. Kumi na tano ni matano mara tatu. Basi ndezi ni watatu."

"Lakini nimemwona mmoja tu," Namkunda akasema.

"Wawili wamejificha."

"Nitajuaje kama wamejificha?"

"Kwani umewaona?"

"Sikuwaona."

"Umeona sasa!" akasema Kenge.

Watu wakatikisa vichwa, wakaona ni kweli. Kiure akatoa amri. Kama kuna ndezi wawili wenye ujuzi wa kujificha kiasi hicho, mwangalizi mmoja hatoshi. Kesho waende wanne.

Chura alikuwa nyuma ya mtungi wa maji, anasikiliza. Aliruka mpaka mtoni, akafika anahema.

"Ndezi, dada! Mko watatu!"

"Watatu akina nani?"

"Ninyi! Ndezi! Imesemwa barazani, mbele ya wazee."

Ndezi akaketi chini. "Wawili wamekuja? Mbona hawakuitika mluzi wangu?"

"Wamejificha," akasema Chura. "Pengine ni wageni, wana haya."

Ndezi hakulala kwa furaha. Alipanua malazi yake yatoshe watatu.

Jioni ya pili wakashuka watu wanne, kila mmoja na mahali pake. Mikono minne ikakata mabua kumi kumi. Chap, chap, chap! Katikati ya matete Ndezi akasikia. Masikio yakamsimama. "Wanakula!" akasema. "Jamani, ndugu zangu wanakula!" Akatamani kwenda kuwatazama, lakini alinusa harufu ya watu kila upande, akaogopa. Akangoja. Jua lilipoinama akatoka. Fiii! Akasikiliza. Kimya. Akakata matano. Siku hiyo alikata yale magumu ya pembeni, yale laini akawaachia wageni.

Watu walipoondoka alikwenda mbio kule alikosikia sauti. Akakuta vishina vitupu. Akavinusa. Havikunuka mate ya ndezi, vilinuka chuma. "Ndugu zangu hawa wamekula nini huko walikotoka, hata wanuke chuma?"

Alfajiri Namkunda akahesabu. Vishina arobaini na vitano. Akahesabu tena, arobaini na vitano. Akaenda barazani.

"Mmeona nini?" akauliza Kiure.

Wa kwanza akasema, "Nimeona ndezi mmoja." Wa pili akasema, "Mimi pia mmoja." Wa tatu, "Mmoja." Namkunda akasema, "Mmoja, mkuu."

"Na vishina?"

"Arobaini na vitano."

Kenge akakohoa. "Wakubwa, hesabu ni nyepesi. Arobaini na tano ni matano mara tisa. Ndezi tisa. Hawa wanne wameona mmoja mmoja, ndezi wanne. Watano wamejificha. Wanne na watano ni wangapi?"

"Tisa!" baraza zima likaitika.

Enhe, hata ninyi mmeitika! Nimewasikia. Namkunda naye aliitika, ingawa kuna kitu kilimkwaruza rohoni, kama mwiba wa samaki ulioingia kooni bila mtu kujua umeingiaje. Aliwaza, "Jana watatu, leo tisa. Wametoka wapi? Nimekaa pale jioni mbili na sijaona mkia wa pili." Lakini hakujua aseme nini. Vishina alivihesabu mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe.

Kiure akasema, "Kutoka watatu hadi tisa kwa siku moja! Kesho tutashuka kijiji kizima."

Chura akaruka. "Ndezi, dada! Mko tisa!"

"Tisa!" Ndezi akalia machozi. Alianza kukumbuka majina. Huenda dada yake mkubwa hakufa. Huenda mafuriko yalimtupa mahali, na sasa amerudi na watoto. Akapanua malazi mpaka yakawa kama uwanja. Siku nzima alipita akipiga mluzi, fiii, fiii, mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyeitika.

"Wana nini na mimi?" akamuuliza Chura. "Nimewakosea nini?"

Chura kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema.

Jioni ya tatu wakashuka watu thelathini. Mikono thelathini ikakata kumi kumi. Chap chap chap chap! Matete yakatetemeka. Ndezi akasimama katikati, anageuka huku, anageuka kule, sauti inatoka kila upande. Alichanganyikiwa kwa furaha. Akatokea kwenye uwazi alipozoea kula, fiii! Kimya. Akakata mabua matano magumu. Watu thelathini wakamwona, kila mmoja kutoka mahali pake. Kila mmoja akajisemea moyoni, "Nimemwona mmoja."

Alfajiri Namkunda akahesabu mpaka tope likamwishia mkononi. Vishina mia tatu na vitano.

Barazani nisiwachoshe. Kenge aligawa kwa matano. Ndezi sitini na mmoja. Thelathini wameonekana, thelathini na mmoja wamejificha, na hesabu ikakubali. Namkunda akainua mkono, akasema, "Mkuu, mimi sielewi. Sitini na mmoja wangenuka. Wangepiga kelele. Wangenikanyaga miguu."

"Vishina amevihesabu nani?" akauliza Kiure.

"Mimi."

"Uliongeza?"

"Sikuongeza."

"Basi, dada, unabishana na nani?"

Namkunda akaketi. Baraza likakata shauri. Wamepita ishirini, na makubaliano ni makubaliano. Siku hiyohiyo, jua likipanda, matete yachomwe.

Chura aliruka kuliko alivyowahi kuruka. "Ndezi! Ndezi! Mko sitini na mmoja, na wanakuja kuchoma! Kimbia! Mimi nimeshapeleka wanangu ng'ambo. Vuka mto, kimbia!"

Ndezi akasimama. Njia ya kutokea aliijua, ilikuwa mbele yake. Akasema, "Nikimbie niwaache ndugu sitini?"

"Hujawaona hata mmoja!"

"Ni wageni, Chura. Hawajui njia za humu. Moto ukija wataungua wamelala."

Akarudi ndani. Alipita matete yote, kichaka kwa kichaka, na sauti yake ile iliyokauka. "Amkeni! Tokeni! Mnichukie mkitaka, lakini tokeni!" Hakutoka mtu. Hakuna mkia uliotikisika.

Jua likapanda. Watu wakaja na vijinga vya moto, na ngoma, na marungu, na kila mmoja na mundu wake kiunoni, maana ni watu wa mtoni. Wakayazunguka matete pande tatu. Upande wa nne, upande wa maji, alilala Kenge, mdomo wazi. Kiure akainua kijinga.

Ndipo matete yakafunguka, akatoka Ndezi. Mmoja. Mchafu, amekonda. Alikwenda moja kwa moja mpaka miguuni kwa Kiure.

"Wazee wangu, shikamooni. Nawaomba mngoje kidogo. Ndugu zangu bado wamo ndani."

Mkono wa Kiure ukabaki juu. "Si uwaambie watoke?"

"Nimewaita tangu asubuhi. Hawatoki."

"Wako upande gani?"

"Hilo ndilo nilitaka kuwauliza ninyi."

"Sisi? Wewe ndiye unayeishi nao!"

"Mimi sijamwona hata mmoja, mzee. Ninyi ndio mnaowajua. Mmesema ni sitini na mmoja. Mliwaona wapi?"

Kiure akamtazama Namkunda. Namkunda akawatazama wale watu. Wale watu wakatazamana. "Wewe ulimwona wapi?" "Pale kwenye uwazi." "Na mimi pale kwenye uwazi." "Alikuwa na alama?" "Sikio la kushoto limepasuka." Wakamtazama Ndezi. Sikio la kushoto limepasuka.

Kiure akashusha kijinga. "Jambo hili limenizidi. Tuketi tulizungumze."

Wakasema waketi. Na ninyi mnajua, kuketi mtoni ni kuketi vipi. Mikono thelathini ikaenda kiunoni. Chap! Chap! Chap chap chap!

Ndezi akaruka juu. "Hao! Hao ndio! Si mnasikia? Ndugu zangu wanakula!"

Akakimbia upande wa kwanza, anapiga mluzi, fiii! Akamkuta mzee mmoja ameinama na mundu. Akageuka, akakimbia upande wa pili ilikotoka sauti. Akamkuta mama mjamzito na mundu. Akakimbia upande wa tatu, na huko akamkuta Namkunda, mundu mkononi, bua la tete katika mkono mwingine, na chini kishina kipya kimekatwa kwa mshazari.

Ndezi akakinusa. Kilinuka chuma.

Alikaa pale chini, akajikunja. Namkunda alitazama kishina, akatazama mundu, akatazama mkono wake kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Kisha akalia. Mtu mzima, mbele ya kijiji, akalia kwa sauti.

"Vishina mia tatu vilikuwa vyetu," akasema. "Vitano tu ndivyo vilivyokuwa vyake. Tumejihesabu wenyewe."

Wengine walishika vichwa. Wengine walicheka kwa aibu, wakanyamaza. Kiure akauliza, "Ina maana hakuna aliyeona kwamba tunakata?"

"Yuko aliyeona!" Chura akapiga kelele kutoka majini. "Kenge analala kwenye jiwe lile kila jioni, jicho wazi! Mnakata mbele ya pua yake!"

Watu wakamgeukia Kenge. Kenge akafunga mdomo polepole.

"Hamkuniuliza," akasema. "Mliniuliza hesabu, nikawapa hesabu. Nilikosea kugawa?"

Hakukosea kugawa. Hilo lilizidi kuwakera. Kiure akasema, "Kwa kuwa unapenda hesabu, kuanzia leo utahesabu matete yaliyosimama. Yote. Ukimaliza utuletee jumla, ndipo tutazungumza nawe." Kenge akaanza. Akifika mia upepo unavuma, matete yanayumba, anasahau alikofika, anaanza upya. Mkimwona leo juani, ulimi ndani, ulimi nje, ndani, nje, msimsumbue. Anahesabu.

Vijinga vikazimwa majini. Na watu wa Nyeche wakaacha kukata viti. Siku hizi kila mtu hushuka mtoni na kigoda chake cha nyumbani, na mto haujalalamika.

Lakini Ndezi alibaki amejikunja palepale. Namkunda akamwinamia.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nyumba yangu imepona," akasema Ndezi. "Nakushukuru. Ila asubuhi nilikuwa na ndugu sitini. Sasa sina hata mmoja. Nifanye nini na nyumba?"

Namkunda alifikiri, kisha akasema, "Inuka. Twende juu ya mto. Safari hii nitaangalia kwa macho."

Wakapanda na mto, mwanamke na Ndezi, siku ya kwanza, siku ya pili. Waliwaona kuku maji, wakamwona fisi maji na watoto wake wakiteleza kwenye tope. Ndezi hawakumwona. Siku ya tatu wakafika kijiji kingine chenye matete mazito kuliko yale ya kwao. Wakamkuta mama mmoja anaosha vyombo.

"Hodi mama, habari za hapa?"

"Nzuri, karibuni."

"Hapa kwenu mna ndezi?"

Yule mama akaangua kicheko. "Ndezi! Tunao mia mbili! Mwezi ujao tunawachoma."

Ndezi masikio yakamsimama. Namkunda akamshika mgongo. "Ngoja," akasema. Akamgeukia yule mama. "Dada, mmewaona kwa macho, au mmehesabu?"

Yule mama akafungua mdomo aseme. Akaufunga. Akaweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Mimi nimeona mmoja," akasema. "Na shemeji yangu ameona mmoja."

Ndezi hakungoja zaidi. Akaingia kwenye matete. Namkunda akabaki nje, amesimama. Akasikia mluzi uliokauka, fiii! Kisha kimya, kimya kirefu. Nawaambia hata mimi nikifika hapa huwa nataka kukimbia, nisije nikasikia hakuna aliyeitika.

Kisha kutoka ndani kabisa, mluzi mzito, wa mtu mzima, wenye hasira kidogo: fiiiii!

Matete yakatikisika, akatoka ndezi dume, mzee wa miaka, mkia umekatika, uso wa kununa. Alimtazama Ndezi wetu kuanzia puani mpaka mkiani, kana kwamba haamini.

"Nimeambiwa hapa tuko mia mbili," akasema. "Nimewatafuta mwaka mzima. Wewe ni wa ngapi?"

Ndezi akajibu, "Mimi ndiye wa pili."

Enyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, kabla hujahesabu alama za mwenzako, toa zako kwanza. Na ukisikia mtu anasema kundi fulani wamezidi, muulize amewaona wangapi kwa macho yake, na amewasalimu wangapi.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda avuke nayo, asiyeipenda aniachie huku huku.